Kura ya Kujiongezea Makato

Siku ya kwanza kazini nilipewa kofia, koti zito na viatu, kisha kepteni wa kituo cha zimamoto akanipeleka jikoni. Mimi Mmombasa niliyetoka juzi kubeba mizigo uwanja wa ndege, nikadhani ananidharau. "Hapa mgeni hupika," akasema. "Zamu yote inakula pamoja, na jambo lolote la maana huamuliwa mezani." Nikawapikia biriani. Wakala mpaka sahani zikawa nyeupe.

Baada ya kula akanieleza makato. Katika mji wetu huku Texas, Marekani, kati ya Irving na Fort Worth, wazimamoto hawamo kwenye pensheni ya taifa. Tuna mfuko wetu: wewe unakatwa sehemu ya mshahara, jiji linaongeza sehemu yake, na fedha zinawekezwa ili zizae. Wanaousimamia huitwa wadhamini. Baadhi tunawachagua sisi, wengine wanatoka upande wa jiji. Mfuko ukikauka, mzimamoto wa hapa hana pa kukimbilia. Niliitikia tu. Kijana gani anasikiliza habari za uzee?

Nilihamishwa kituo hadi kituo, nikapanda mpaka luteni, na mwisho wenzangu wakanichagua mdhamini, nadhani kwa ubishi wangu. Kikao changu cha kwanza alikuja mtaalamu anayepima kama mfuko utaweza kuwalipa wote walioahidiwa. Alisema wazi kwamba uwekezaji umezaa kidogo, wastaafu wanaishi zaidi, na walioajiriwa jana watakuta mfuko mtupu. Mkurugenzi wa fedha wa jiji, mama mkali asiyecheka ovyo, akasema, "Jiji litaongeza, lakini anzeni nyinyi. Pigeni kura mjiongezee makato na mpunguze kiinua mgongo." Hicho ni ile fedha ya mkupuo unayopewa siku ya kuaga.

Basi nikazunguka vituo vyote, napika kwanza ndipo naongea. Katika meza moja, dereva wa gari la ngazi, mwanamke mwenye watoto wadogo, akaweka uma chini.

"Luteni, miaka yako imetimia. Sheria mpya ikianza, wewe umeshaondoka na kiinua mgongo kizima. Watakaokatwa ni sisi."

Ilinichoma, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyokuwa nimepanga.

Nyumbani Euless nikamwambia mke wangu sitaaga kazi mpaka sheria mpya inibane na mimi.

"Baba Salma, umerogwa?" akasema. "Miguu yangu imevimba kwa zamu za hospitali, nangoja hiyo nyumba ya Mombasa tutakayojenga kwa kiinua mgongo chako."

"Nitawaambiaje wajikate, na mimi nimejificha?"

Alininunia kwelikweli. Mwishowe akasema, "Nenda kawaambie. Lakini usinirudie umeshindwa."

Nikaanza upya mzunguko wote, kila jiko, kila zamu, nikawaambia nabaki. Wengine walinicheka. Nikarudi tena. Kura ikapita kwa tofauti ndogo sana, na jiji likatimiza neno lake. Sheria mpya ilipoanza ndipo nikaaga, na kiinua mgongo kikanikuta kimekatwa vizuri.

Sasa nyinyi vijana, mnaouguza na mnaoendesha malori huku, mkiajiriwa ulizeni mapema nani anaweka nini kwenye pensheni yenu, na msione haya kuhudhuria vikao. Nyumba ya Mombasa haikujengwa. Iliniuma, sitawadanganya, na kwa muda mrefu Mama Salma hakuacha kunikumbusha.

Kisha paa la ghala lililokuwa likiungua lilimwangukia yule dereva wa gari la ngazi, likamvunja mgongo. Kazi ikaishia hapo, akawekwa kwenye pensheni ya majeruhi, inayotoka mfuko uleule. Mke wangu alikuwa mmoja wa waliomuuguza. Siku moja alirudi nyumbani kutoka kazini, akakaa bila kuvua viatu.

"Yule bibi analipwa, Baba Salma," akasema. "Watoto wake wanakula. Acha sisi tuendelee kulipa kodi ya nyumba."