Ua Ulioliwa na Ngamia

Juzi nilirudi kutoka shule ya bweni nikakuta nyumbani kumejengwa ukuta wa mawe, na juu yake vipande vya chupa vimejipanga kama meno ya mwalimu wetu wa hesabu. Nikasimama pale na sanduku langu nikicheka peke yangu. Ungeniona ungedhani jua la Garissa limenipata. La, rafiki yangu. Nilikumbuka ua wetu wa kwanza.

Nilikuwa darasa la pili hivi. Ukame ulikuwa umetumalizia ng'ombe, tukahamia mjini, chumba kimoja cha kupanga nyuma ya duka, pamoja na mbuzi wa ayeyo, yaani nyanya yangu. Mbuzi walifungwa mlangoni mwa choo. Ukitaka kuingia, unaomba ruhusa kwa beberu. Mama mwenye nyumba alivumilia mpaka walipomtafunia nguo aliyoiweka kwa ajili ya Idi. Akasema, "Mfungo ukiisha, mbuzi waende. Ama muende nyote."

Ayeyo kuachana na mbuzi? Thubutu! Basi kila alasiri tukawa njiani kutafuta kiwanja cha bei ya watu kama sisi: baba, dalali, ayeyo, mbuzi, na mimi nyuma na fimbo. Ndiyo, hata mbuzi. Ayeyo alikuwa na kipimo chake. Unawaachia mbuzi kwenye ardhi, unanyamaza. Wakilala na kucheua, hapo ni nyumbani. Wakisimama, hata ukipewa bure, kataa. "Dalali ana ulimi," alisema, "mbuzi ana tumbo."

Kiwanja cha kwanza kilikuwa karibu na mto, na kiboko alishakikagua kabla yetu. Mbuzi wakasimama. Cha pili kilipakana na kichinjio. Hapo hata kusimama hawakusimama; walitimua mbio, dalali nyuma yao akipiga kelele, "Wallahi mzee, hawa mbuzi hawajui biashara!" Nilicheka mpaka nikachapwa.

Cha tatu kilikuwa mwisho wa mji, vichaka na vumbi tupu, ndiyo maana kikawa rahisi. Beberu akazunguka, akanusa, akapiga magoti. Nilipiga mayowe kama nimefunga bao! Baba akalipa papo hapo. Lakini kwetu, ardhi isiyo na ua bado ni pori la Mungu, kwa hiyo tukakata matawi ya mgunga mbio mbio tukazungushia kabla ya magharibi. Kwa furaha ile tukayazungushia mabichi, na majani yake yote. Sisi, wafugaji baba na babu! Ayeyo akalala humo na mbuzi wake kama malkia.

Asubuhi tulimkuta amesimama kwenye uwanja mtupu, miguu mitupu. Ngamia wa kupelekwa soko la mifugo walikuwa wamepita alfajiri wakautafuna ua wetu wote, na ndala alizowarushia hazikusaidia kitu. Mbele yake lilikuwa limeegeshwa lori la mawe. Dalali alikuwa amemuuzia mwenye lori kiwanja hicho hicho.

"Mama, ua wako uko wapi?" mwenye lori akamuuliza.

"Unaelekea sokoni. Ukikimbia utaupata."

Akaitwa mzee wa mtaa. Akatembea polepole, macho chini. Vinyesi vya mbuzi vilikuwa vimetapakaa kila mahali, halafu vikakoma ghafla, mstari umenyooka, pande zote nne.

"Mbuzi hawakujipanga wenyewe," akasema. "Hapa palikuwa na ua."

Lori likageuza kwenda kumsaka dalali. Miaka yote hii shuleni, sijaona mraba mzuri kama ule.

Leo vichaka vimekwisha. Kengele za mbao za ngamia huzisikii tena, na uwanja wote umemwagwa saruji. Amebaki mbuzi mmoja mzee. Jana ayeyo akaniambia, "Mlete."

Tukamwachia pale kwenye saruji, tukanyamaza. Akasimama. Akaendelea kusimama. Nikaona uso wa ayeyo unaanza kusawijika.

Basi nikapiga magoti mimi, nikajilaza kwenye ile saruji ya moto, nikaanza kucheua.

"Haya," ayeyo akasema, akifuta macho kwa ushungi huku mabega yakimtikisika kwa kicheko, "angalau mmoja amelala."