Tajiri na Mzee Aliyemsahau

Jina lake la kwenye kitambulisho hakuna aliyelitumia. Mtaa mzima ulimwita Lindo, kwa sababu karibu maisha yake yote ya kazi yalipita lindoni, kwenye maghala ya mizigo, kamba ya mbwa mkononi na rungu kiunoni. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mke wake alishona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, na wateja wakimuuliza habari za mzee huwaambia, "Mume wangu maneno yake yote humwachia mbwa kazini. Mimi naletewa makombo." Wateja wakicheka, naye akicheka, ingawa hakuwa anatania sana.

Mbwa mwenyewe aliitwa Tajiri. Lindo ndiye aliyempa jina hilo, kwa kuwa tangu akiwa mdogo alikuwa akilala mchana kutwa chali, tumbo juu, kama bwana mwenye watumishi. Alikuwa mkubwa, rangi ya kahawia iliyopauka, sikio moja limesimama na jingine limekunjika.

Kampuni yao ilipofunga kamera za ulinzi, ikaona haina haja ya mbwa tena. Wadogo walitafutiwa wenyewe wengine, wazee wakapangiwa kuchomwa sindano ya kifo. Lindo naye alikuwa anastaafu wakati huohuo. Akaenda ofisini, akavua kofia, akamwambia msimamizi, "Huyu naondoka naye." Msimamizi akashangaa: wa kazi gani, na mbwa mwenyewe kazeeka? "Hata mimi nimezeeka," Lindo akajibu.

Mkewe alipowaona mlangoni aliweka mkasi mezani.

"Nini hicho?"

"Tajiri."

"Najua ni Tajiri, umeniimbia jina lake miaka nenda rudi. Nauliza anafanya nini mlangoni kwangu."

"Amestaafu."

"Baba watoto, nyumba hii ina nafasi ya mzee mmoja tu."

Lindo akamtazama mbwa, akamtazama mkewe. "Basi utachagua mwenyewe," akasema, akaketi kizingitini. Mbwa naye akaketi. Wakakaa hapo hadi mama wa watu akachoka kuwaruka kila anapoingia na kutoka, akakubali mbwa alale uani, na ole wake akikanyaga vitambaa vya watu.

Mwanzoni mama alimwogopa mbwa. Alikuwa anapita uani kwa kuambaa ukuta, beseni la nguo mbele kama ngao. Lindo alimtazama siku kadhaa, kisha akamvutia kigoda karibu na benchi lake. Mchana ule alizungumza kuliko alivyowahi kuzungumza tangu wafunge ndoa.

"Usitazame mkia peke yake," alisema. "Tazama mwili mzima. Mkia ukisimama wima, ukatetemeka kidogo na mwili umekaza, anakuonya. Ukipunga kwa ulegevu mpaka kiuno nacho kinacheza, hapo ndipo amefurahi."

"Na hayo macho ya usingizi?"

"Si usingizi. Mbwa akikukazia macho ana neno na wewe. Akiyalegeza hivyo, amekupenda."

"Mbona sasa amenipa mgongo? Hiyo si dharau?"

"Utampa mgongo mtu usiyemwamini?"

Mama akamtazama yule mbwa aliyeketi karibu na vidole vya miguu yake, ameelekeza uso kwenye geti, mgongo mpana umemgeukia yeye. Na siku ile hakuambaa ukuta.

Baadaye, akiwa anashona, alihisi uzito kwenye mguu wake. Tajiri alikuwa ameingia ndani kimyakimya na kumwegemea ubavu mzima, hata pedeli ya cherehani ikawa nzito.

"Njoo umtoe huyu mbwa wako!" akaita. "Ananisukuma."

Lindo akachungulia mlangoni. "Hakusukumi. Anakuegemea."

"Ili iweje?"

"Ndiyo kukumbatia kwake. Hana mikono."

Mama akasonya, akaendelea kushona, akitumia mguu mmoja. Tangu hapo kila sare iliyotoka kwenye nyumba ile ilikuwa na manyoya mawili matatu ya kahawia, na wateja wakilalamika alijibu kwamba hizo ni nakshi.

Ile ndiyo iliyokuwa miaka yao mizuri. Binti yao wa pekee, muuguzi katika mji wa mbali, alikuwa akipiga simu na kukuta wazazi wake wanabishana juu ya mbwa: kwamba alipopiga miayo alikuwa amechoka ama alikuwa na wasiwasi, kwamba alipoinua mguu wa mbele aliomba chakula ama aliomba kushikwa. "Mimi hamjawahi kunijadili hivyo," binti alisema, na mama yake akamjibu, "Wewe unasema. Huyu inabidi tumsome."

Ugonjwa ulianza kwa kunyatia. Lindo alitafuta miwani akiwa ameivaa, hilo wakalicheka. Akatia chumvi kwenye chai, wakalicheka pia. Kisha akatoka kwenda kinyozi na asirudi. Mama alizunguka mtaa mzima akiuliza, mwishowe akamwona mumewe anakuja polepole barabarani, amemshika Tajiri kwenye ukanda wa shingo. Mbwa alikuwa anatembea hatua moja mbele yake, anasimama kila mzee anapositasita, anamgusa goti kwa pua, kisha anaendelea. Lindo alikuwa anatabasamu kama mtoto. Kinyozi hakuwa amemwona kabisa.

Hospitalini daktari aliwaeleza kwa upole. Ni maradhi ya ubongo, yanafuta kumbukumbu, hayana dawa ya kuyarudisha nyuma. Wakiwa njiani kurudi nyumbani Lindo alimshika mkewe mkono na kuuliza, "Yule kijana alikuwa anamzungumzia nani?"

Alisahau mitaa, akasahau majirani. Asubuhi moja mkewe alimletea chai, naye akaipokea kwa mikono miwili na kusema, "Ahsante sana, dada. Wenyewe wa nyumba hii ni watu wema." Mama akaenda jikoni, akafungua bomba la maji na kuliacha limwagike ili kilio chake kisisikike.

Alijipa moyo kwa jambo moja: Tajiri hakusahauliwa. Kila asubuhi mzee alipotoka uani, mbwa alimjia mbio, masikio yamelala nyuma, mkia unazunguka, mwili mzima unajipinda kwa furaha, na Lindo akamkuna nyuma ya lile sikio lililokunjika. "Mwenzangu," alikuwa akimwita, hata siku ambazo jina lilimpotea.

Hadi ikafika asubuhi ambayo mbwa alikuja mbio kama kawaida, na mzee akapiga kelele. Akarudi nyuma, akagonga ukuta, akanyakua fagio. "Toka! Mtoeni! Mbwa wa nani huyu?" Fagio likamshukia Tajiri mgongoni, likamshukia tena. Mbwa alilia mara moja, kilio kifupi cha mshangao, akajikunyata chini. Hakuonyesha meno. Alilamba midomo, akageuza uso pembeni, mkia umeingia katikati ya miguu.

Mama alimnyang'anya lile fagio. Alimwingiza mumewe ndani, kisha akarudi uani, akapiga magoti kwenye saruji na kumpapasa yule mbwa mgongo mzima akitafuta alipoumia. "Si yeye," alimwambia. "Unajua si yeye."

Alidhani mbwa hatamkaribia tena yule mzee. Alifikiria hata kumtafutia mahali pengine. Lakini kesho yake, akiwa dirishani, aliona jambo lililomfanya asimame na pasi ya moto mkononi mpaka kitambaa chini yake kikaanza kuungua. Lindo alikuwa benchini. Tajiri hakumwendea mbio, wala hakumwendea moja kwa moja. Alizunguka kwa mbali, ubavuubavu, kichwa chini, masikio yamelala, macho yameelekea kwingine. Akasogea kidogo, akasimama. Akanusa ardhi kana kwamba ndiyo iliyomleta. Akasogea tena. Alipofika karibu hakumgusa. Alimpa mgongo, akaketi, akatulia. Mzee alimtazama kwa hofu, kisha kwa mashaka, kisha kama mtu aliyezoea. Baada ya kitambo kirefu mkono wake ukashuka wenyewe, ukatua juu ya ule mgongo. Mbwa akashusha pumzi ndefu.

"Mbwa mzuri," Lindo akasema. "Wa nani?"

Ikawa ndiyo kazi ya Tajiri. Kila siku alijitambulisha upya, kwa uvumilivu uleule. Siku nyingine mkono haukushuka, naye akabaki pale alipo hadi mzee aliporudi ndani.

Mama alimwangalia, akajiangalia na yeye. Yeye alikuwa anaingia chumbani kila asubuhi, anasimama mbele ya mumewe, anamkazia macho na kumuuliza, "Unanikumbuka? Mimi nani? Sema." Na mzee alikuwa anaanza kufinyafinya shuka kwa woga. Akaacha. Akaanza kuingia taratibu, akiimba kidogo ili asikike, anakaa kando ya kitanda akitazama dirisha, anakunja nguo, hasemi kitu. Mara nyingi mzee mwenyewe ndiye aliyeanza. "Unakunja vizuri," alimwambia siku moja. Mama alilikumbuka neno hilo wiki nzima.

Binti alipokuja likizo hakujua hayo. Aliingia na mabegi yake, akamkumbatia baba yake kwa nguvu. "Baba, ni mimi! Nitaje jina, baba. Jaribu tu." Mzee alimsukuma, akaanza kulia, akawa anaita watu wamsaidie.

Jikoni, binti alijifuta macho kwa kiganja. Yeye ni muuguzi, wagonjwa wa aina ile amewaona wengi, akasema, ila hakuna aliyekuwa baba yake.

"Usimkabili," mama akamwambia. "Kaa pembeni. Usimtake kitu. Mtazame Tajiri anavyofanya."

"Mama, mimi si mbwa."

"Najua, mwanangu. Mimi pia si mbwa. Lakini hapa nyumbani sina mwalimu mwingine."

Kesho yake walikaa uani wote wanne. Binti alikuwa mwisho wa benchi, uso kwenye geti, mikono mapajani. Hakuzungumza. Jua likapanda, likawafikia miguuni. Baba yake akamtazama kutoka upande, akavua kofia yake na kumvisha. "Jua kali, binti," alisema. Hakumaanisha binti yake. Alimaanisha msichana yeyote. Yeye aliipokea hivyohivyo, akakaa na ile kofia kichwani mpaka chakula cha mchana.

Binti alipoondoka, Tajiri alikuwa ameanza kuchechemea. Nyonga zilikufa taratibu. Alishindwa kuzunguka, akawa anajikokota. Kisha akashindwa kujikokota, na mama akawa anamvuta juu ya gunia mpaka kando ya benchi. Hapo alilala kutwa. Ila mzee akikohoa tu kule ndani, mkia ulipiga sakafu, pa, pa, pa, hata kabla mlango haujafunguka. Daktari wa mifugo alimpima na kutikisa kichwa. Akauliza kama wangependa amchome sindano. Mama aliomba angoje kidogo.

Tajiri mwenyewe hakungoja sana. Ilikuwa adhuhuri, cherehani imenyamaza, mama yuko kwenye kigoda. Tajiri alikuwa ameweka kidevu juu ya viatu vya mzee. Macho yalikuwa yale malegevu, yamemwelekea juu.

"Huyu mbwa amechoka," Lindo alisema.

"Amechoka sana."

"Mwenyewe yuko wapi? Mwambieni aje."

"Amekuja," mama akasema. "Yupo naye."

Mzee akaridhika. Hakuondoa miguu yake. Mbavu za mbwa zikapanda na kushuka, zikapanda na kushuka, kisha hazikupanda. Mama alimzika nyuma ya nyumba akisaidiwa na jirani, huku mumewe amesimama karibu na shimo kwa heshima, mikono nyuma, kama mtu aliyehudhuria msiba wa familia asiyoijua vizuri.

Huzuni ile mama aliibeba peke yake. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kuliko hata kifo chenyewe. Alimlilia mbwa ambaye hakuwa wake kwa niaba ya mtu aliyekuwa ameketi chumba cha pili, anakunywa uji.

Mvua zilianza, zikakata. Alasiri moja alikuwa anaweka vifungo kwenye shati la shule, Lindo amekaa mkabala naye. Mzee akainua kichwa, akamtazama kwa macho ambayo mama hakuwa ameyaona kwa muda mrefu.

"Mama watoto," alisema. "Tajiri yuko wapi?"

Sindano ikamdunga kidole. Angeweza kumwambia yuko uani amelala. Alitaka kumwambia hivyo. Akaweka shati chini.

"Tajiri alifariki, baba watoto."

Lindo alifumba macho. Machozi yalitoka bila sauti, yakashuka kwenye mikunjo ya mashavu hadi kidevuni.

"Aliumia?"

"Hapana. Alilala tu. Kichwa kilikuwa juu ya miguu yako."

"Nilikuwepo?"

"Ulikuwepo mpaka mwisho."

"Afadhali," akasema. "Afadhali nilikuwepo."

Mama akasogeza kiti, wakalia pamoja, mume na mke, jinsi wafiwa wanavyolia. Hakujua walikaa hivyo kwa muda gani. Alipomtazama tena, yale macho yalikuwa yameshaondoka. Mzee alikuwa anajigusa shavu, anatazama vidole vyake kwa mshangao.

"Dada," alisema, "mbona uso wangu umelowa?"

Mama akachukua kipande cha kitambaa cha sare kutoka mezani, akamfuta polepole, kwanza upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Ni joto tu," akamwambia. "Leo kuna joto."

Akaliokota lile shati, akatafuta uzi ulipokuwa umeishia, akaendelea kushona.