Jioni Tulipomwita Gaab

Enzi zetu Balambala, mtu akishindwa uchaguzi hakuwa na kitufe cha kubonyeza ili jirani yake atoweke. Jirani alikuwa pale pale, ua wa miiba tu katikati, na asubuhi ulimsikia akikohoa kabla hujamwona. Wenzangu mliokunywa chai ya maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi wa kibuyu, mkala anjera kwa mafuta ya simsim na mkachapwa kwa kuchelewa duksi, chuo cha Kurani, alfajiri, mnajua ninachosema. Hawa vijana wetu wa leo hata sijui nianzie wapi kuwaeleza.

Mwaka mmoja wa uchaguzi, nikiwa msichana mdogo wa kuteka maji na kuchunga ndama, baba yetu, Aabo, alikuwa na mtu wake wa udiwani. Mtu huyo tulimwita Gaab, yaani mfupi, na kweli alikuwa mfupi, kwani akihutubia alipandishwa juu ya debe ndipo watu wa nyuma wamwone. Aabo alimpenda kupita kiasi. Gaab alikuwa ameahidi kisima upande wetu, ili mama zetu waache kushuka mtoni penye mamba. Shangazi yangu mmoja alirudi kutoka mtoni siku moja bila mtungi na akiwa na jeraha la mguu, kwa hiyo kwa Aabo kisima hicho hakikuwa maneno ya kampeni. Alifua macawis yake, yaani kikoi, kabla ya kila mkutano, na betri za redio akazianika juani ili zisimwangushe siku ya matokeo.

Katikati ya kampeni hizo ngamia wetu akazaa ndama jike, miguu mirefu kama ngazi. Aabo akampa jina papo hapo: Gaab.

Hooyo, mama yetu, akashika kiuno. "Jike, na mrefu hivi, unamwita Mfupi? Na huyo mtu wako akishindwa?"

"Wallahi Gaab ameshashinda," Aabo akasema. "Bado kuhesabu tu."

Kumfundisha ndama jina ilikuwa kazi yangu na rafiki yangu Halima, binti wa jirani yetu Adeer Bulle, yaani ami Bulle. Tukiita "Gaab!" anakuja mbio, miguu ikimchanganya, mpaka anatuangukia. Halima alikuwa wa upande wa pili, maana baba yake alimpigia debe mpinzani, lakini jambo hilo halikutusumbua. Tulicheza uchaguzi pia. Mmoja alisimama juu ya mtungi uliopinduliwa akahutubia mbuzi, mwingine akapiga vigelegele, na aliyeshindwa aliruhusiwa kulia kidogo kabla hatujaenda kuteka maji.

Basi kura zikahesabiwa pale shuleni, na Gaab akaanguka. Akaanguka vibaya. Kwa Adeer Bulle walichinja mbuzi, vigelegele vikapaa, na wakatuletea sahani ya nyama. Aabo hakuitazama hata. "Rudisheni," akasema. Hooyo akairudisha huku ameinamisha kichwa. Sisi watoto tulilia sana siku ile, na nakiri tulilia kwa sababu ya nyama, si ya Gaab.

Siku zilizofuata Aabo alijilaza mkekani, uso ameuelekeza ukutani. Redio ikazimwa. Rafiki zake wakija waliambiwa yupo, naye akajibu kwa sauti ya kutosha wamsikie kwamba hayupo. Kisha akatoa amri: "Jina lile nisilisikie tena katika boma hili." Ndama akabatizwa upya, akaitwa Barwaqo, yaani neema. Lakini maskini ndama hakujua kwamba uchaguzi umekwisha. Ukimwita Barwaqo anakutazama tu, anatafuna, anageuka.

Alasiri moja akatoka bomani, na hakuna aliyemwona. Tuligundua mama yake aliporudi kutoka malishoni akaanza kulia akimtafuta. Waliofuga ngamia wanajua: ndama asiponyonya kwanza, mama hakupi hata tone. Na maziwa hayo ndiyo tuliyokunywa, ndiyo Hooyo aliyouza sokoni. Tena jua lilikuwa linazama, na fisi wa vichaka vya mtoni hawakuwa wa kubahatisha.

Aabo akashika fimbo akaenda ukingoni mwa vichaka. Akapiga mluzi. Akaita "Barwaqo!" kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Watu wote walikuwa wametoka nje wanatazama, wengi wao ndio hao waliomshinda. Nilimwona akifungua mdomo, akaufunga. Akaufungua tena. Nilimkasirikia baba yangu siku ile mpaka nikauma mtandio wangu, kwa sababu alijua jina la kumrudisha ndama, nami nilijua, na hatukuweza kulitamka.

Ndipo Adeer Bulle akatoka kwake. Alikuwa amemdhihaki Gaab kampeni nzima, akisema hata kuku wake hangempa kura. Akasimama kando ya Aabo bila kumtazama, akaweka viganja mdomoni, akaita kwa kifua chote:

"Gaab! Gaab hooy!"

Akaita tena. Halima akadakia, nami nikadakia. Wake za Adeer Bulle wakaita, hata wale vijana waliopita kwetu wakiimba usiku wa ushindi. Boma zima la washindi likaliita jina la aliyeshindwa. Mwisho nikasikia sauti imepasuka katikati, na ilikuwa ya Aabo: "Gaaab!"

Vichaka vikatikisika. Ndama akatokea mbio, mkia umejaa miiba, akapitiliza akamgonga Adeer Bulle tumboni. Adeer akamkumbatia shingo.

"Haya basi, Gaab," akasema, akihema. "Leo kura yangu umeipata."

Sote tukamtazama Aabo. Akacheka. Akacheka mpaka akakaa chini mchangani, kisha kicheko kikakatika.

"Bulle," akasema, "mimi nilitaka kile kisima."

Adeer Bulle akakaa kando yake. "Najua. Hata wake zangu wanashuka mto ule ule. Huyo diwani wangu tutamsumbua pamoja."

Jioni ile tulikunywa maziwa, na redio ikawashwa. Kisima kilichelewa sana, lakini walikifuata ofisi kwa ofisi, wawili, na siku kilipotoa maji hakuna aliyeuliza nani alimpigia nani.

Leo niko Garissa mjini, nauza vitambaa. Uchaguzi huu uliopita mtu wangu ameshindwa, na sitaki kudanganya, imeniuma. Nilimtembezea kampeni mpaka viatu vikaisha. Halima naye yuko mjini hapa, na safari hii pia yuko upande wa walioshinda. Aliweka video anacheza. Nikatoka kwenye kundi letu la wanawake wa Balambala, nikaacha kupokea simu zake, nikakaa ndani. Mwanangu akaniona, akasema bila kuinua macho kwenye simu, "Hooyo, si umbloku tu? Stori iishe." Yeye amewabloku nusu ya ukoo, na sijui siku yake ikifika jeneza litabebwa na nani.

Enzi zetu ulishindwa mbele ya watu, na watu hao hao walikuona umepotelewa. Siku hizi tunafunga mlango tunashindwa peke yetu, kila mtu na kioo chake, na hakuna anayejua ndama wako yuko kichakani.

Jana, baada ya alasiri, Halima alinitumia ujumbe wa sauti. Niliuacha pale kwanza, nikapanga vitambaa ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Kisha nikaufungua. Hapakuwa na salamu wala siasa. Ilikuwa ni sauti yake, nzito siku hizi kama ya marehemu baba yake, ikiita mara moja tu:

"Gaab! Gaab hooy!"

Nikatafuta viatu vyangu.