Mama Sukuma Ashika Bunduki

Mkunga mstaafu, ambaye wodi nzima ilimjua kwa jina la Mama Sukuma, hakuvunjika mguu kwa ushujaa wowote. Aliteleza bafuni kwake akiimba. Binti yake akamchukua, akamlaza kwenye kochi lake, mguu wenye plasta ukawekwa juu ya mto kama mgeni rasmi. Kisha akaenda zake kazini, akamwacha mama na mumewe.

Mume mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa fundi wa friji, mpole, wateja wanampenda. Ila mbele ya mama mkwe ulimi wake uliganda kuliko friji lolote alilowahi kutengeneza. Tangu harusi, mazungumzo yao yalikuwa "Shikamoo mama," "Marahaba," basi.

Siku hiyo mvua ilinyesha tangu asubuhi, na kwenye mvua hakuna anayekumbuka friji lake. Fundi akabaki nyumbani. Mama Sukuma alikuwa ameshawasema majirani wote mpaka wakaisha, sasa anaikodolea macho dari. Fundi akaona aibu. Akaingia chumbani, akatoka na boksi lenye vumbi na nyaya.

"Mama, kuna gemu. Ya zamani. Ukipenda tu."

"Ya kufanya nini?"

"Kupiga watu risasi."

"Watu gani?"

"Maadui."

"Wametukosea nini?"

Fundi alikuwa amecheza gemu ile tangu yuko sekondari, na swali hilo halikuwahi kumpitia kichwani. "Sijui, mama."

"Haya, lete."

Akapewa pedi ya kuchezea, akaonyeshwa vitufe. Askari wake akatazama angani, akatazama viatu, kisha akatembea moja kwa moja hadi ukutani akabaki hapo, pua imegusa matofali.

"Mkwe, huyu amekufa?"

"Hapana, mama. Anatazama ukuta."

Maadui walipojitokeza, Mama Sukuma alivaa miwani. Nyuso zao zilikuwa za pembepembe kama zimechongwa kwa shoka, mikono haina vidole. "Hawa nani aliwazalisha?" akauliza kwa hasira ya kikazi. Wakati anauliza, wakamuua.

Akafa tena. Akafa mlangoni, akafa kwenye ngazi, akajirushia bomu mwenyewe akafa nalo. Halafu kwa bahati akapiga pipa jekundu, nalo likalipuka na maadui wote waliokuwa karibu nalo. Mama Sukuma akaweka miwani sawa. Kuanzia hapo hakuna pipa lililosalimika, wala chungu cha maua.

"Na wewe ingia," akaamuru. Fundi akachomeka pedi ya pili, kioo cha runinga kikagawanyika nusu kwa nusu.

"Usijikunyate nyuma yangu kama mume nje ya leba! Mlango huo! Sukuma! Sukumaaa!"

Fundi akasukuma. Risasi ikampata mgongoni, akaanguka.

"Samahani, mkwe. Nilidhani adui."

Aliporudi mchezoni, risasi ikampata tena. Safari hii hakusikia samahani.

"Mama, hiyo ni makusudi."

"Hata ile ya kwanza."

Fundi akaweka pedi chini. "Kwani mimi nilikukosea nini?" Swali lilimtoka kwa sauti ambayo hata yeye ilimshtua.

Mama Sukuma akamtazama juu ya miwani. "Siku ya harusi ulilia kuliko binti yangu. Wakati wa picha, mbele ya watu! Nikasema, hapa sijapata mkwe, nimepata wa kulea."

"Nililia kwa sababu ulinikanyaga, mama. Kwa kile kiatu cha kisigino kirefu. Kidole gumba."

"Mimi?"

"Na ulikaa hapo mpaka picha zikaisha. Niliogopa kusema."

"Na ukucha?"

"Ulitoka."

Mama Sukuma alijaribu kusikitika, kweli alijaribu. Kicheko kikamshinda, plasta ikaporomoka kutoka kwenye mto, akawa analia kwa maumivu na kucheka kwa pamoja. Fundi naye akacheka mpaka akakaa sakafuni.

Binti aliporudi alikuta jiko limepoa, na mama yake hakugeuka hata kumtazama. "Funga mlango, tumevamiwa!"

Plasta ilipotolewa, Mama Sukuma aligundua maumivu mapya ambayo daktari hakuyaona, akaongeza wiki. Alipoondoka hatimaye, fundi alibeba boksi mwenyewe, akalifunga kwenye runinga ya mama mkwe. Siku hizi akitoka kazini hupitia huko kwanza, kupambana na yule mzee wa mwisho wa gemu asiyekubali kufa, na mkewe analalamika kwamba habari za mumewe anazipata kwa mama yake.

Jumamosi iliyopita fundi alikuwa kwa mteja, kichwa kiko ndani ya friji, simu ikalia. Akaiweka spika kwa sababu mikono ilikuwa na grisi.

"Mkwe! Amekufa! Yule mzee wa mwisho, amekufa!"

Mteja aliyesimama pale akavua kofia, akamshika bega na kumpa pole. Fundi akaipokea ile pole.