Watoto wa Kaniki

Nyumba iliyofungwa muda mrefu huwa na harufu yake, na nyumba ya Bi Sakina ilinuka vumbi la chokaa, mavi ya popo na karafuu zilizosahauliwa kabatini. Harufu hiyo ilipenya kwenye tundu la dirisha la nyuma, upande wa uchochoroni, ambako mchwa walikuwa wamekula ubao mmoja na kuacha nafasi ya kupita paka, tena paka mwembamba. Nilikuwa na miaka tisa. Kuna siku nne za msimu wa ufuta ambazo nilisimama pale kila adhuhuri, wakati watu wa Kilwa Kivinje wamejilaza kukwepa jua, nimebandika sikio ubaoni. Leo nina watoto wangu, nimeishi miji mingine na nimerudi, lakini nikipita mbele ya nyumba iliyofungwa miguu husita yenyewe. Mume wangu hunitania kwamba nasikiliza majini. Namwacha aseme.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani na alishonea kwenye baraza ya duka la Bi Sakina, mjane wa Kihindi ambaye wazee wake walizaliwa na kuzikwa palepale Kivinje. Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko cha mama yangu, ambaye hakumaliza sentensi bila kuchomeka Kimachinga. Bi Sakina hakujaliwa mtoto, ila alijaliwa paka. Kila akimaliza sala ya adhuhuri alitoka na sinia la dagaa, na paka wakamiminika kutoka kila upenu, wa rangi zote, wengine wana jicho moja, wengine mikia imekatika. Hawakuwa wake. Walikuwa wa sokoni, waliozaliana juu ya matumbo ya samaki yaliyotupwa pale kila siku, na kila mwaka walizidi. Watu walinung'unika, lakini hapakuwa na mtu wa kuwagusa. Paka ni kiumbe safi, tuliambiwa, na mwalimu wetu wa madrasa alitusimulia mara nyingi habari za yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu alimfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha atoke kujitafutia.

Katika paka wote hao, mmoja tu ndiye aliyekuwa na jina. Baba alimwita Kaniki, kwa weusi wake uliofanana na ile nguo, na alimruhusu alale chini ya cherehani. Mwaka ninaousimulia Kaniki alizaa watoto wanne ndani ya kapu la vitambaa, na baba, aliyekuwa na kanzu za watu za kushona, akamfukuza kwa upole. Ni mimi peke yangu niliyemwona akiwahamisha. Aliwabeba shingoni mmoja baada ya mwingine hadi uchochoroni, akaruka, akapotelea kwenye lile tundu. Mmoja alikuwa na miguu ya mbele myeupe kama aliyekanyaga unga. Huyo nikajiambia kimoyomoyo kwamba ni wangu, na sikumwambia mtu walipo.

Wakati huo Bi Sakina hakuwepo. Macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, na ndugu zake walimchukua kwenda kutibiwa Dar es Salaam. Kabla hajaondoka aliniita, akaniachia nusu gunia la dagaa waliovunjikavunjika. "Zuhura, mwanangu, hawa nakuachia wewe," aliniambia. "Wape kidogo kidogo. Ukiwapa wote siku moja watajua wewe ni mjinga." Nilicheka sana, nikaona nimekuwa mtu mkubwa. Niliwalisha kwa bidii iliyopita kiasi, kwa hiyo dagaa wakaisha Bi Sakina akiwa hajatimiza hata mwezi. Paka waliozoea kulishwa hawakurudi kwa Mungu wao kuomba, waliingia majikoni. Walifunua vyungu, walikwapua samaki kwenye sinia za wakaangaji, na mmoja alimparua mtoto mchanga aliyelala na ziwa la mama yake mdomoni. Hapo ndipo kikao kikaitishwa.

Mwenyekiti wetu wa mtaa alikuwa mtu mpole na mcha Mungu, na uamuzi alioutoa ulifanana naye. Kuua ni dhambi, alisema, kwa hiyo hatuui. Lakini kuna lori linaloleta ufuta kutoka Njinjo na kurudi tupu, na wakulima wa Njinjo wanalia na panya. Huku wamezidi, kule wanatakiwa. Tuwapeleke. Tena tusihangaike na madume, maana dume halizai, tukamate majike tu, na mji utapumua. Watu walifurahi. Wote walikuwa watu wema waliotaka kumaliza kero bila kumwaga damu, na hata leo nikiwakumbuka siwezi kuwachukia. Hakuna aliyefikiri kwamba ukikusanya majike wote wa mji katika msimu wao wa kuzaa, unawaacha watoto wao nyuma.

Shida ilikuwa kuwakamata. Vijana walikimbizana nao asubuhi nzima wakaambulia mikwaruzo. Ndipo mtu akasema, mwiteni mtoto wa fundi, hao humfuata yeye. Nikaitwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilisifiwa siku ile kuliko siku zote za maisha yangu. Nilipewa sahani ya dagaa, nikakaa chini barazani, nikawaita kwa sauti waliyoizoea, na wakaja. Walikuja wakinisugua magoti. Wanaume walikuwa nyuma yangu na magunia, na kila paka aliyeinamisha kichwa kula alidakwa ngozi ya shingo. Mama yangu alipongezwa na majirani kwamba ana binti mwenye kipaji. Nilijisikia kichwa kimekuwa kikubwa.

Kaniki alikuja mwisho. Hakuja kwa sababu ya dagaa, nadhani alikuja kwa sababu yangu. Mwenyekiti alimwinua, akamgeuza, akaona tumbo.

"Huyu chuchu zimejaa. Zuhura, watoto wake wako wapi? Kama wapo tuwatie wote, waende na mama yao."

Nililitazama gunia. Lilikuwa likichezacheza na kutoa sauti ambazo sikuwahi kuzisikia kwa paka. Niliona gunia ndilo baya, na nikafikiri kwa akili ya miaka tisa kwamba mtoto wangu mwenye miguu myeupe asiingie humo. Nitawalea mwenyewe, nilijiambia.

"Wamekufa," nikasema. "Wamekufa wote."

"Basi, Mungu ametupunguzia kazi," alijibu mwenyekiti, akamtia Kaniki ndani na kufunga mdomo wa gunia. Kila gunia lilizungushwa mara saba, maana wazee walisema paka akizungushwa hivyo hapati tena njia ya nyumbani. Lori likaondoka likiacha vumbi, na watoto wenzangu wakalikimbilia kwa shangwe.

Nilikwenda uchochoroni siku ileile. Nilipitisha mkono tunduni hadi begani nikapapasa hewa. Ubao uliobaki ulikuwa mnene, mlango wa mbele ulikuwa na kufuli kubwa kama ngumi ya mtu, na mwenye nyumba alikuwa Dar es Salaam. Watoto walinisikia wakaanza kulia. Walidhani ni mama yao. Nilirusha dagaa waliobaki sahanini, lakini macho yao yalikuwa yamefumbuka juzi tu, dagaa watawajulia wapi? Nilikoroga maziwa ya unga nikayamimina kwenye tundu lile, nikasikia yakichuruzika ukutani. Siku ya pili sauti zilikuwa kali zaidi. Nilimkumbuka mwanamke wa motoni, nikaona ule moto una nafasi yangu.

Siku hiyo ya pili nilimwendea baba. Alikuwa anashona, nikasimama kando ya cherehani na kusema, "Baba." Aliondoa mguu kwenye kanyagio, cherehani likanyamaza. "Nini, mama?" aliniuliza, maana ndivyo alivyoniita. Alingoja. Alikuwa na subira baba yangu, alingoja hadi nikaona aibu ya kungojwa. Nilifikiria kwamba nimedanganya mbele ya mwenyekiti na mtaa mzima. Nilifikiria majirani waliompongeza mama. "Hamna kitu," nikasema. Akarudisha mguu.

Mficha maradhi kilio humuumbua, ila mimi kilio changu nilikifukia. Siku ya tatu ilibaki sauti moja, nyembamba, yenye kukatika. Siku ya nne nilibandika sikio na hapakuwa na kitu. Mama alizoea kutukanya kwamba maneno huumba, mtu asijiapize wala asimtaje mzima kuwa amekufa. Mimi nilisema wamekufa, na wakafa. Niliamini ulimi wangu ndio uliowaua, na kwa miezi mingi niliogopa kusema jambo lolote baya hata kwa mchezo. Walimu walidhani nimekuwa na adabu.

Siku ya kumi na tisa Kaniki alirudi. Baadaye ilisemekana kwamba utingo wa lori alichoshwa na zile kelele, akayatupa magunia porini kabla hata ya kufika njiapanda ya Nangurukuru, na Njinjo hakufika paka hata mmoja. Kaniki alikuwa mifupa na ngozi, nyayo zimechubuka. Hakutazama cherehani wala mimi. Alikwenda moja kwa moja kwenye tundu akaingia, na baada ya muda mrefu akatoka, akakaa chini ya dirisha na kuanza kuita, kwa ile sauti ya chini, ya kooni, ambayo paka huwaitia wanawe tu. Aliita siku hiyo, na kesho yake, na siku zilizofuata. Watu walisema paka mweusi aliyezungushwa mara saba akarudi si paka, ni jini, wakamrushia mawe. Alisogea hatua chache, kisha akarudi kuita.

Bi Sakina aliporejea na miwani yake mipya nilikuwa nimekonda. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba kwa furaha, akaingia ndani kufungua vyumba. Haikuchukua muda akaniita. Alikuwa amesimama katika chumba cha nyuma. Chini ya dirisha kulikuwa na mabaki ya dagaa yametapakaa sakafuni, na ukutani michirizi myeupe ya maziwa yaliyokauka. Kilichokuwa pembeni, juu ya kanga kuukuu, sitakieleza.

"Hawa dagaa umewarusha wewe?" aliniuliza.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Basi ulijua wamo." Kisha akauliza kwa mshangao wa kweli, bila hasira hata kidogo. "Mbona hukumwambia baba yako? Ufunguo nilimwachia yeye. Umo katika droo ya cherehani tangu siku niliyoondoka."

Sikujua. Ufunguo wa mtu ni amana, na baba hakuwa mtu wa kutangaza amana za watu mbele ya watoto. Nilipomwita na kumwambia hamna kitu, ufunguo ulikuwa karibu na goti lake. Ningenyoosha mkono ningeugusa. Bi Sakina alichukua ufagio akafagia, na jioni ile alimweleza baba. Baba hakunichapa. Heri angenichapa.

Mwaka haukuisha kabla mji haujajaa paka upya. Matumbo ya samaki yalikuwa palepale, na nafasi walizoziacha waliotupwa zilichukuliwa na wengine, ambao Kaniki aliwaongezea uzao wake kila baada ya miezi michache hadi alipokufa. Katikati, paka walipokuwa haba, panya walitawala kweli, wakatoboa vitambaa vya baba hadi wateja wakadai kanzu zao zina madirisha.

Sasa nafundisha shule ya msingi papa hapa Kivinje, na mara chache kwa mwaka huja daktari kijana wa mifugo aitwaye Damiani, Mmakonde aliyekulia Mingoyo. Tunawatega paka kwa vizimba vya waya, anawapa dawa ya usingizi, anawafunga uzazi, anakata ncha ya sikio moja ili wajulikane, na tunawarudisha uchochoro uleule tuliowatoa. Hilo la kuwarudisha ndilo linalowaudhi watu. Wengine hutuuliza tumeshiba nini, wengine husema tunaingilia kazi ya Mungu. Siwalaumu, mimi mwenyewe ilinichukua utu uzima kuelewa kwamba paka mmoja aliyefungwa uzazi na kubaki kwake hufanya kazi ambayo malori kumi hayawezi. Sokoni wamepungua, na waliopo wana manyoya. Wanawake wa samaki sasa humtupia paka mwenye sikio lililokatwa kichwa cha samaki, na humwita mstaafu.

Mara ya mwisho Damiani alipokuja, asubuhi tulimnasa jike wa kijivu nyuma ya ghala bovu. Damiani alimwinamia kizimbani, akaniuliza, "Mwalimu, huyu ana watoto?"

Swali lilikuwa lilelile. Tumbo la paka lilikuwa limebanwa kwenye pembe, halikuonekana vizuri. Damiani alikuwa na siku moja tu, na orodha ndefu.

"Sijui," nikasema. "Sijui, daktari. Tumwachie tumwone."

Hakubisha. Nilifungua kizimba, paka akachomoka na kupita chini ya bati la ghala bila kugeuka. Nilipiga magoti kwenye tope, mimi na baibui langu, nikatega sikio. Ndani palikuwa na vilio, vitatu au vinne, vyembamba, vya njaa. Halafu vikakatika kimoja kimoja, kama vinavyokatika mtoto anapopata ziwa. Damiani alinikuta bado nimeinama pale, nalia kwa sauti, na nilishindwa kumweleza kwamba nafurahia ule ukimya.