Mstari Nyuma ya Mwenyekiti

Kaka yangu ndiye aliyetuletea Marekani hapa Masese. Sisi ni wanawake wa kukausha samaki kwa moshi, pale ufukweni Jinja, na chama chetu kilikuwa vurugu tupu: mwenyekiti akiamka vibaya, mtu anafukuzwa. Kaka, mwalimu wa historia huko Mbale, alikuja kunisalimia akatukuta tunagombana. Akakalia ndoo iliyopinduliwa, akaanza somo. Walioanzisha Marekani, alisema, walichoshwa na mfalme, wakaogopa kujizalia mwingine. Basi madaraka wakayagawa: bunge litunge sheria, rais azitekeleze, mahakama iamue ugomvi, na kila mmoja amchunge mwenzake. Jaji wao wa juu hang'olewi kwa sababu tu amewaudhi watu.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Kwa sababu, mdogo wangu, siku watu wote wakikukasirikia, utamkimbilia nani?"

Jamani, nilivyojivuna! Sisi watoto wa askari magereza, tuliokulia kambini kwa "ndiyo afande", leo kaka anasema maneno kama yale. Tukaandika katiba yetu: mwenyekiti, baraza, na mama watatu wazee wa kuamua kesi.

Haikuchukua muda, mwenyekiti akataka tanuri langu la kukaushia samaki ampe dada yake. Nililijenga kwa mikono hii, karibu na maji, na ndilo linalowalisha wanangu. Nikapeleka kesi kwa wale mama. Wakasema tanuri ni langu, liachwe. Mwenyekiti akawaka! Akaitisha mkutano wa kuwang'oa, tena kwa kura yetu ya huku: unayemtaka unasimama nyuma yake, kila jicho likuone. Nani angethubutu, na yeye ndiye anayegawa samaki wabichi asubuhi?

Mimi sikuogopa. Kaka ndiye aliyealikwa kusimamia. Nilipomwona anashuka kwenye bodaboda, moyo ulitulia kabisa. Huyu atawaeleza, nikajisemea.

Akasimama, akakohoa. "Hata Marekani," akasema, "mwenye nchi ni wananchi. Pangeni mstari."

Nilidhani anatania. Mstari wa mwenyekiti ukafika hadi kwenye mitumbwi. Nyuma ya wale mama watatu nilisimama peke yangu, na jirani mmoja aliyekuwa kwenye mstari ule mrefu akaninong'oneza kwa huruma: hukujua? Kumbe kaka alikuwa ameshapeleka posa kwa binti wa mwenyekiti. Masese nzima ilijua. Mimi, tumbo moja naye, sikuambiwa! Yaani nduguyo akuuze, halafu habari uipate kwa jirani.

Jioni ile ile dada wa mwenyekiti aliwasha moto kwenye tanuri langu. Kaka akanijia na sauti yake ya upole, ile ya darasani.

"Mdogo wangu, usikasirike. Yale ni mambo ya Marekani. Hapa tunaishi na watu."

"Na mimi si mtu?"

Mwenyekiti, mkwewe mtarajiwa, akamwita akisema chakula kimeiva, akaenda kula.