Daftari la Nyumba za Ngumi

Mwulize yeyote katika mtaa wetu wa Kismayo ni nani anayemwandikia barua zake, atakwambia Mwalimu Safiyya. Barua za Kisomali za kupeleka ofisini, yeye. Maelezo ya jamaa walioko kambini Kenya, wanaotakiwa wathibitishe kwamba ni Wabajuni kweli, yeye. Ripoti za chama cha kina mama wauza samaki, nyimbo za harusi, majina ya marehemu wa kuombewa kwenye khitma, hotuba ya mwenyekiti asiyejua kuhutubia, yeye tu. Mwanamke ana miaka sitini na moja, jicho la kulia lina mtoto wa jicho, na bado kusema hapana hajui. Ukimlaumu anacheka.

"Nikikataa, ataandikiwa na nani?"

Haya, tuseme ni wema. Lakini na sifa nazo alizipenda, tusidanganyane.

Kazi yake mwenyewe ilikuwa moja, nayo ililala sandukuni miaka minne. Daftari la nyumba za kisiwa cha Ngumi: nani alikaa wapi kabla watu hawajakimbia vita mwaka wa tisini na moja, kisima cha nani, kaburi la nani. Baadhi ya watu wamerudi kisiwani, lakini upande wa kaskazini, walikokaa wazee wake, zimebaki kuta na vichaka. Safiyya mwenyewe aliletwa shule Kismayo akiwa na miaka saba, kwa hiyo anaijua nyumba ya baba yake na kaburi la mama yake, basi. Mwenye kuzijua zote ni shangazi yake, Bi Rukia, anayekaribia tisini. Na Bi Rukia alikuwa ameanza kupotea. Mwezi wa Rajabu alimwita Safiyya kwa jina la mama yake. Wiki iliyofuata akasahau msikiti wa Ngumi ulikuwa na milango mingapi.

Hapo Safiyya akaogopa kwelikweli. Akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la mtaa: "Jamani, nisameheni. Kuanzia leo siandiki cha mtu. Nina kitu changu kimoja, naandika hicho mpaka kiishe."

Lo! Ungedhani amewafungia maji. Zakia wa chama cha kina mama alinuna siku tatu. Mwenyekiti akasema mwalimu ameota mapembe. Safiyya akawaacha waseme. Kila asubuhi baada ya chai alikaa mkekani na Bi Rukia, akiuliza, akisubiri, akiandika. Wiki ya kwanza walipata nyumba kumi na moja za upande wa kusini. Ilikuwa miaka tangu aandike ukurasa mzima bila kuinuka kumwitikia mtu mlangoni, na alifurahi mpaka akaona haya.

Ila kuna jambo hakulifikiria. Alipokuwa akiwaandikia wote, hakuna aliyejali anaandika nini. Alipobaki na kitu kimoja, kila mtu alitaka kujua ni kitu gani. Muuza mkate akamwambia kuna mgeni ameulizia nyumba yake. Gari jeupe likawa linasimama ng'ambo ya njia, vioo vimepandishwa, linanguruma kidogo kisha linaondoka. Simu ikilia akipokea, mtu anapumua tu. Binti yake Nadia akapiga kutoka Mombasa.

"Mama, huku wanasema unaandika mambo ya ardhi. Kweli?"

"Naandika habari za wazee wangu."

"Mama, ndiyo hayo hayo!"

Alhamisi baada ya alasiri lile gari likasimama mlangoni kabisa. Akashuka Mukhtari, mfanyabiashara wa majokofu ya samaki, mtoto wa mtaa huu huu, ambaye barua zake nyingi aliandika Safiyya. Akavua viatu, akaweka boksi la halwa mkekani, akaketi. Injini aliiacha ikiwaka, dereva ndani.

"Mama Nadia, umetutupa."

"Sikuwatupa, mwanangu. Nimechoka."

"Basi yapumzishe hayo macho. Daftari la nini tena? Kaskazini ya Ngumi haina wenyewe. Umesema mwenyewe."

"Mimi? Nimesema lini?"

Mukhtari akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua polepole. Mwandiko ulikuwa wa Safiyya. Akaikumbuka siku yenyewe, mwaka jana: harusi mbili, ripoti ya Zakia, watu watatu wa kambini, na Mukhtari amesimama mlangoni na rasimu yake ya Kisomali. Aliinakili mbiombio bila kuuliza. Haikutaja Ngumi. Ilitaja ardhi tupu, isiyo na wenyewe, hatua mia mbili kaskazini ya kisima chenye ngazi. Na chini, kama ilivyo ada yetu, mwandishi ndiye shahidi wa kwanza, kaweka jina lake: Safiyya binti Abdalla.

Kisima chenye ngazi Ngumi ni kimoja. Hatua mia mbili kaskazini yake ni nyumba ya baba yake, na nyuma ya nyumba ndiko alikozikwa mama yake.

"Wapimaji wetu wa ardhi wanakwenda Ngumi Jumatatu," Mukhtari alisema kwa upole. "Ukilitoa daftari, watu watakuuliza ulisema uongo lini, mwaka jana au sasa. Na wenzangu si wapole kama mimi. Rudi kwenye kazi zako, Mwalimu. Sote tunakuhitaji."

Akaisogeza halwa mbele yake, akatoka. Gari halikuondoka.

Bi Rukia alikuwa amesinzia ukutani. Akafumbua macho, akauliza kwa Kibajuni chake. "Ni mchu gani yule? Mbona hakuniamkia?"

"Wa mtaani, shangazi."

"Nawe mbona walia?"

Alilia kweli, tena kwa sauti. Kuipoteza nyumba ya baba yako kwa mkono wako mwenyewe, kwa sababu tu ulikuwa na shughuli nyingi! Na simu ilikuwa hapo imejaa ujumbe wa watu wanaotaka barua. Angeweza kuwajibu, akarudi kuwa mwalimu wa wote, na karatasi ile isingetajwa na mtu tena. Jinsi ilivyokuwa rahisi ndiyo ilimtisha zaidi.

Akafuta uso. Akafungua ukurasa wa kwanza, aliouacha mtupu, akaandika: "Mimi Safiyya binti Abdalla niliandika kwamba kaskazini ya kisima chenye ngazi hakuna wenyewe. Si kweli. Niliandika bila kuuliza. Wenyewe wamo humu, na shahidi wao ni Bi Rukia." Akaupiga picha, akaituma kwa Nadia, akaituma kwa watu wa kambini, akaituma kwenye kundi la mtaa, ambamo Mukhtari naye yumo. Kisha akafungua ukurasa mpya.

"Shangazi, tuendelee. Ukitoka kisimani kwenda kaskazini, nyumba ya kwanza ya nani?"

Bi Rukia alimtazama Safiyya kama anayemtafuta.

"Kisima kipi?" akauliza.

Nje, injini ikazimwa. Mlango wa gari ukafunguliwa. Safiyya hakugeuka.

"Kile chenye ngazi, shangazi," akasema, kalamu mkononi. "Fikiri taratibu."